Mlinzi Amezimia Tena

Simu ilipolia saa tatu na dakika tano asubuhi ya Jumatatu, hakuna aliyetaka kuipokea. Fundi wa nyaya aliingia chini ya meza ghafla akajifanya anatafuta skrubu. Mama Kanuni alikuwa anakunywa chai, na Mama Kanuni akiwa na kikombe mkononi, hata dari idondoke atamaliza kwanza. Akabaki mkwe wake. Na mkwe, nyote mnajua, hana pa kujificha.

"Haloo. Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mlinzi wenu amezimia tena."

"Pole sana, sista."

"Pole hiyo kaipe damu. Mimi niletee mtu anayejua kazi." Simu ikakatwa.

Huyo alikuwa muuguzi wa benki ya damu ya hospitali, mama mmoja mpana mwenye saa kifuani na ulimi usio na breki. Mlinzi hakuwa mtu. Alikuwa programu, kwenye kompyuta iliyowekwa chini ya meza ya huyo muuguzi, na kazi yake ilikuwa moja tu usiku na mchana: kutazama joto la friji ya damu na kupiga kelele likipanda. Miaka kumi na minane aliifanya kazi hiyo bila kupepesa jicho. Halafu, wiki tatu hizi, akaanza kuzimia. Akizimia, muuguzi inambidi ainuke kila baada ya dakika ishirini, asome kipimajoto kwa macho yake, aandike kwenye daftari. Alikuwa ameshajaza daftari moja na ameanza la pili, na kwa kila ukurasa aliokuwa anaujaza alikuwa anamtunzia mtu hasira.

"Amezimia?" Mama Kanuni aliuliza, kikombe kikiwa kimeisha sasa.

"Amezimia, mama."

"Ni ile mistari yako arobaini, baba," akasema kwa upole. "Kaitazame tena."

Upole ule ndio uliokuwa unamuua. Angemfokea, angalau mtu angejua anafokewa. Lakini mama mkwe hamfokei mkwe, na mkwe hambishii mama mkwe. Basi wanaheshimiana mpaka kazi inaharibika.

Kijana huyu, tumwite kijana ingawa mvi mbili zilishamtoka wiki hizo tatu, alifika kwenye ofisi ile miaka minne nyuma akitafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke. Binti wa Mama Kanuni alikuwa na tabia ya kumletea mama yake chakula cha mchana, na wakati huo mama yake hakuwa na njaa kumzidi msaidizi wake. Mambo yakaenda yakaisha vizuri, harusi ikafanyika, na tangu siku hiyo ulimi wake ulifungwa fundo. Kabla ya ndoa aliweza kusema, "Mama, hapa sijaelewa." Baada ya ndoa alikuwa anasema, "Ndiyo, mama," halafu anakwenda chooni kufikiri.

Na Mama Kanuni hakuitwa hivyo bure. Alimwandika Mlinzi peke yake, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kwenye mashine inayoendeshwa na mfumo wa Unix, katika chumba hichohicho chenye madirisha mawili, moja halifunguki. C ni lugha isiyo na huruma. Haina namna ya kukuokoa jambo likiharibika, inakuacha ufe na lako. Basi yeye akajitengenezea namna yake. Ukitaka kufanya jambo la hatari, unaandika JARIBU, na programu inaweka alama ya mahali ilipo. Mambo yakiharibika huko mbele, unaandika RUSHA, na programu inarushwa nyuma mpaka kwenye alama ya mwisho, ambako DAKA inaipokea na kuituliza. Mambo yakienda salama, alama inafutwa, safari inaendelea. Ni kazi ya kupendeza, hata wasioipenda C walikuwa wanakubali.

Kisha akabandika ukutani kanuni tisa kwa mwandiko wake. Ya nne ilisema: *Ukiingia ndani ya JARIBU, toka kwa mlango. Usiruke dirishani.* Ya tisa, iliyopigiwa mstari mara mbili, ilisema: *Mwenye kosa aende mwenyewe.* Maana yake ukiiangusha programu ya watu, hupigi simu, hutumi barua. Unavaa vizuri, unakwenda mpaka kwa aliyeumia, unasimama mbele yake na kusema kwa mdomo wako, "Ni mimi." Fundi wa nyaya alikuwa amekwenda mara nne.

"Nikupe siri, bwana mkwe?" alimwambia wakiwa wawili. "Yule sista usimtazame machoni. Tazama saa ya ukutani. Na usivae shati jeupe, jasho linaonekana."

Mama Kanuni mwenyewe hakuwahi kwenda hata mara moja. Hakuwahi kukosea.

Mambo yangekuwa mepesi kama isingekuwa Ijumaa. Ijumaa ile Mama Kanuni alikuwa anastaafu, na kabla hajafunga mkoba alikuwa anataka kusema nani atashika ofisi. Walikuwa wawili. Mmoja mkwe wake. Wa pili bwana mmoja wa ghorofa ya tatu, mwenye suti na maneno matamu, ambaye alishaanza kupita pale akipima madirisha kwa macho. Mama Kanuni alikuwa amelisema mbele ya wote bila kumung'unya: "Aliyemwangusha Mlinzi siwezi kumwachia Mlinzi." Na wote walikuwa wanajua ni nani aliyeongeza mistari arobaini kwenye programu wiki tatu zilizopita, ili kengele ya friji iweze kufika mpaka kwenye simu za wauguzi. Ilikuwa kazi nzuri pia. Alikuwa ameionea fahari siku mbili nzima.

Basi akaikalia mistari yake arobaini. Aliisoma kutoka juu kwenda chini, akaisoma kutoka chini kwenda juu. Akaichapa kwenye karatasi, akaisoma kwa sauti. Fundi wa nyaya akamwomba apunguze sauti maana alikuwa ameanza kuikariri.

Unix, kwa wasioijua, ikiua programu haiitupi hivihivi. Inaacha maiti kwenye diski, faili linaloitwa core, na mtu akitaka anaweza kuipasua akaona ilikuwa inafanya nini ilipokata roho. Yeye alizipasua sita. Maiti nzuri inakuambia: nilikuwa kwenye kazi hii, iliyoitwa na kazi ile, mstari fulani. Maiti za Mlinzi zilikuwa na alama za kuuliza tupu kutoka juu mpaka chini. Unauliza programu ilikufa wapi, nayo inakuuliza wewe.

Akaja na akili nyingine. Akaweka amri za kuandika kwenye skrini kila hatua: nimefika hapa, nimetoka hapa, nasoma joto. Akaipeleka hospitalini. Siku sita Mlinzi hakuzimia. Mzima, anachapa kazi, anaandika maneno yake kama karani. Kijana akarukaruka kwa furaha, akaziondoa zile amri kwa sababu hazikuwa na kazi tena, na kesho yake saa tatu na dakika tano simu ikalia.

"Mungu wangu, inajua kama inatazamwa!" alimwambia mkewe wakiwa mezani.

"Mama anasema ni mistari yako," mkewe akajibu, huku akisahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa hesabu na kalamu yake nyekundu haikuwa inapumzika.

"Mama amekuambia wewe?"

"Amenipigia. Anasema anakuonea huruma, umekonda."

Hapo ndipo mtu anapoona ugumu wa maisha. Mchana anashtakiwa ofisini, jioni anashtakiwa nyumbani, na hakimu ni mmoja.

Alikuwa amegundua kitu kimoja: Mlinzi anazimia Jumatatu na Alhamisi. Hakuzimia Jumanne hata mara moja. Jambo hilo lilimgharimu wiki nzima, maana alijiambia lazima ni hesabu za tarehe, akafukua kila mstari wa kalenda uliokuwemo. Wazo la kumpigia muuguzi na kumuuliza, "Sista, Jumatatu na Alhamisi unafanya nini?" halikumjia. Au lilimjia akalifukuza. Kumpigia yule mama simu kwa hiari yako!

Jumatano saa sita mchana alikuwa amechoka kabisa. Akaenda kwenye friji ndogo ya ofisi kutafuta chakula chake. Friji hiyo ilikuwa na kazi mbili: kutunza maziwa ya chai ya Mama Kanuni na kumjaribia Mlinzi. Ndani ilikuwa na kipimajoto, mlangoni ina swichi, na waya unatoka nyuma kwenda kwenye kompyuta iliyo sawasawa na ile ya hospitali. Akafungua mlango. Simu yake ikalia, mkewe.

"Umekula?"

"Ndiyo nataka kula."

"Umeona kosa?"

"Sijaona."

"Mama amesema..."

Akasimama pale, mlango wazi, simu sikioni, macho kwenye maziwa, akisikiliza yale ambayo mama amesema. Yalikuwa mengi. Baridi ilikuwa inamwagika miguuni na hakuwa na nguvu hata ya kuuachia mlango ujifunge. Mama alipomaliza kusema kwa mdomo wa binti yake, akafunga friji, akageuka, na mguu ukajikwaa kwenye waya wa kipimajoto. Waya ukachomoka nusu, ukarudi.

Nyuma yake kompyuta ikalia mlio mmoja mfupi. Mlinzi amezimia.

Kwa wiki tatu alikuwa amejaribu kumzimisha humu ofisini asiweze. Sasa amezimia mbele ya macho yake, saa sita na robo, kwa teke!

"Nitakupigia," akamwambia mkewe, akamkatia. Tangu waoane hakuwahi kufanya hivyo.

Akawasha upya. Akapiga waya teke. Mlinzi akalalamika kidogo, akadaka kosa, akaendelea. Alivyotakiwa. Waya wa hospitalini nao ulikuwa unakohoa hivyo mara tano kwa siku, kila lifti ikipanda, na kukohoa kwa waya hakujawahi kuua mtu. Akafungua mlango wa friji, akafunga mara moja, akapiga teke. Hakuna kitu. Akavua kiatu, akakiweka kwenye mlango wa friji usijifunge, akasubiri huku akitazama saa. Dakika moja ikapita. Akatoa kiatu, mlango ukajifunga, akapiga teke.

Mlio mfupi. Maiti.

"Weeee!" akapiga kelele peke yake, kiatu mkononi. Alirudia mara nne, na maziwa ya Mama Kanuni yakaganda siku hiyohiyo.

Sasa akatengeneza mtego. Hakuandika kitu kwenye skrini, alishajua Mlinzi anapenda kutazamwa. Aliongeza namba moja tu ya kimyakimya kwenye kumbukumbu, ya kuhesabu alama: JARIBU ikiweka alama, ongeza moja, alama ikifutwa, punguza moja. Mlinzi akiwa ametulia lazima ibaki alama moja, ile ya mwanzo. Akaweka kiatu, akasubiri dakika, akapiga teke, akapasua maiti. Namba ilikuwa mbili.

Kwa hiyo kuna mtu aliyeingia ndani ya JARIBU akatoka bila kufuta alama. Ni sawa na kuhama nyumba usimwambie dereva wako. Siku ukizidiwa, anakukimbiza kwenye anwani ya zamani, anafungua mlango, anakulaza kwenye kitanda cha watu usiowajua. Programu ikirushwa kwenye alama iliyokufa inaangukia kwenye takataka za kumbukumbu, na Unix inaiua hapohapo. Ndiyo maana ya zile alama za kuuliza. Nazo zile amri zake za kuandika zilikuwa zinasogeza takataka kidogo, Mlinzi anaangukia mahali pasipomuumiza. Alipona kwa bahati tu.

Akaitafuta kwenye mistari yake arobaini. Haikuwemo. Mistari yake haikugusa mlango kabisa.

Mlango ulikuwa kwenye faili moja ambalo hakuna mtu aliyelifungua tangu aanze kazi pale. Juu yake palikuwa pameandikwa: *Limekamilika. Lisiguswe.* Kijana akafuta mikono kwenye suruali, sijui kwa nini, akalifungua. Akashuka taratibu mpaka mstari wa mia mbili na kumi na tatu. Pale, katikati kabisa ya JARIBU, kulikuwa na amri ya kurudi: kama mlango wa friji umekaa wazi zaidi ya dakika moja, usisome joto, toka.

Kutoka kwa dirisha. Kwa mkono wa aliyetunga kanuni ya nne.

Mwanzoni alitaka kucheka, halafu hakutaka tena. Alielewa yote kwa mara moja. Friji ya zamani ya hospitali ilikuwa na mlango wa springi, inajifunga yenyewe kabla hujamaliza kutoa mkono, kwa hiyo mstari ule ulikaa miaka kumi na minane bila kuguswa na mtu. Wiki tatu zilizopita hospitali ilipata friji mpya, mlango wake unakaa wazi ukiuacha wazi. Na Jumatatu na Alhamisi, bila shaka, muuguzi anahesabu mifuko ya damu, mlango wazi. Nani angeishuku friji? Kulikuwa na mkwe wa kushukiwa.

Akampigia mkewe, akamweleza. Mkewe akacheka mpaka akaanza kukohoa, akasikika akiwaambia wanafunzi watulie, mwalimu hana kitu.

"Mwambie," akasema alipopata pumzi.

"Nimwambieje?"

"Kwa mdomo."

"Nimwambie mama yako, wiki anayostaafu, kwamba kwa miaka kumi na minane..."

"Eh, mimi usinitie humo," mkewe akasema haraka. "Mimi nina kipindi."

Unaona? Hata mtoto wake wa kuzaa anamwogopa.

Akarekebisha mstari, kazi ya dakika mbili. Kisha akakaa akitazama kanuni ukutani. Akisema kweli, mama huyu ambaye alimfundisha kazi, akampa na binti, ataondoka kazini akiwa ameaibika mbele ya fundi wa nyaya na mbele ya yule sista. Akinyamaza na kulibeba yeye, ofisi inakwenda kwa bwana wa suti, naye ataishia kuomba ruhusa ya kufungua dirisha. Alijipima moyo. Aliitaka ile ofisi, jamani, aliitaka mpaka inamuuma. Lakini alipomwona Mama Kanuni anaingia na kikombe, anakwenda kwenye friji, anainusa chupa ya maziwa na kukunja uso kama mtoto aliyenyimwa kitu, ulimi ukajisemea wenyewe.

"Mama, nimeliona kosa. Ni langu."

Mama Kanuni akageuka taratibu.

"Liko wapi?"

"Kwenye ile mistari yangu. Nilitoka ndani ya JARIBU. Nimesharekebisha."

"Ulitoka kwa dirisha."

"Ndiyo, mama."

Alimtazama kwa muda mrefu. Jasho jembamba likamtoka kijana, na alikuwa amevaa shati jeupe.

"Sawa, baba," akasema mwishowe. "Kesho saa tatu tukutane hospitalini. Kanuni ya tisa unaijua." Akaketi kwenye kompyuta yake, akagonga vitufe vichache, akaitazama skrini kidogo, akaizima. Kisha akavaa koti na kwenda zake bila kunywa chai.

Alhamisi saa tatu benki ya damu ilikuwa imejaa mwanga na harufu ya dawa ya sakafu. Muuguzi alikuwa amesimama mbele ya friji mpya, mikono kiunoni, daftari kwapani. Mama Kanuni alisimama pembeni na mkoba wake. Kijana akasogea katikati ya chumba. Akaitafuta saa ya ukutani kama alivyoshauriwa. Haikuwepo, ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Ikabidi amtazame muuguzi machoni.

"Sista," akaanza, akakohoa. "Mlinzi kuzimia wiki tatu hizi, kosa ni la mtu. Na mtu huyo ni mimi."

Muuguzi akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyejaza daftari moja na nusu, na kijana akafumba macho.

"Anasema uongo," akasema Mama Kanuni.

Macho yakafumbuka.

"Huyu anasema uongo," akarudia, akisogea mbele. "Sista, nina faili moja pale ofisini. Miaka kumi na minane lina tarehe ya siku niliyolimaliza. Jana nimelitazama, lina tarehe ya jana, saa saba na nusu mchana. Unix haimfichii mtu. Nikalifungua, nikaona kilichobadilishwa. Kilikuwa changu. Niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, mimi niliyewakataza wenzangu." Akanyoosha mgongo. "Ni mimi. Nakuomba radhi."

Friji ikanguruma. Muuguzi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na ile pumzi aliyoivuta hakujua aitolee wapi.

Mama Kanuni akamgeukia mkwe wake. Upole ulikuwa umekwisha, na alimfokea, mara ya kwanza tangu harusi.

"Na wewe! Mimi kosa nimelificha miaka kumi na minane bila kujua. Wewe umelificha kwa kujua! Kwa mstari wa friji ya damu! Leo umenistahi mimi, kesho utamstahi nani? Mgonjwa akiwekewa damu iliyoharibika, utamwambia ulikuwa na adabu sana?"

"Mama, niliona..."

"Uliona nini?"

"Niliona unastaafu," akasema, na ndiyo ilikuwa kweli yote.

Mama Kanuni akahamishia mkoba mkono wa pili.

"Basi?" akauliza muuguzi. "Mmemaliza? Maana mimi ninyi wote wawili nawaona wakosaji." Akachomoa daftari kwapani, akalitupa kwenye benchi lililokuwa kando ya friji. "Leo nahesabu mifuko, mlango utakaa wazi nitakavyo. Huyo Mlinzi wenu mmeahidi atapona mara ngapi? Mpaka nitoke zamu saa tisa simwamini. Kaeni hapo. Kila dakika ishirini mmoja asome, mmoja aandike. Na mwandiko usomeke!"

Wakakaa. Hakuna mwenye cheo mbele ya yule mama. Muuguzi akafungua friji akaanza kuhesabu mifuko, akisahau makusudi kufunga mlango, akiitazama kompyuta kwa jicho la pembeni. Lifti ikapanda. Waya ukakohoa. Mlinzi akadaka, akaendelea. Kijana akasoma kipimajoto, Mama Kanuni akaandika. Saa nne kasoro dakika ishirini. Saa nne. Benchi lilikuwa fupi, na kila mmoja alikuwa amekaa ukingoni kabisa ili asimguse mwenzake.

Saa tano na dakika ishirini kijana alisimama, akasoma, akasema, "Nne nukta moja," akarudi kukaa. Mama Kanuni akaandika. Jicho la kijana likaangukia kwenye daftari.

Ilikuwa imeandikwa saba nukta moja.

Akatazama pembeni. Akatazama tena. Saba ilikuwa saba, wala haikuwa nne iliyoandikwa vibaya. Mama amechoka, miwani yake imo kwenye mkoba. Angeweza kusubiri amwone anakwenda maliwatoni, achukue kalamu, airekebishe. Nani angejua? Mlinzi pale chini ya meza alikuwa anaendelea na kazi yake.

"Mama," akasema. "Umekosea."

Muuguzi aliyekuwa anahesabu mifuko akaacha kuhesabu.

"Wapi?" akauliza Mama Kanuni.

"Hapa. Nimesema nne, umeandika saba."

Mama Kanuni akafungua mkoba, akavaa miwani, akalisogeza daftari karibu. Akaikata saba kwa mstari mmoja, akaandika nne juu yake, akaweka sahihi pembeni ijulikane nani amekosea. Kisha akasogea kwenye benchi, akakaa vizuri, bega lake likagusa la mkwe wake.

"Jumatatu ukafungue ofisi wewe," akasema. "Mimi sitakuwepo."

Dakika ishirini nyingine zilikuwa zimeshaanza. Kijana akaomba kalamu. Mama Kanuni akampa, akainuka, akaenda kusimama mbele ya kipimajoto yeye.